Siku ya nne baada ya leza: kisa cha mama aliyerudi magharibi mwa Kenya akiona kidogo kuliko alivyoondoka

Kisa chenyewe kwa ufupi

Mgonjwa wa kisa hiki alitibiwa jicho nje ya nchi kwa dawa inayoamshwa na mwanga, akarejea nyumbani, na kufikia siku ya nne akawa anaona vibaya kuliko siku aliyoondoka. Nakiandika kwa ajili ya wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa macho wa huku kwetu, ambao pengine hawatashika leza hiyo maishani lakini watawapokea wagonjwa waliotibiwa nayo. Kupigwa mwanga ni suala la sekunde. Tishu za jicho huendelea kujibu kwa wiki kadhaa, na wiki hizo mgonjwa yuko mikononi mwetu. Kazi, umri na tarehe zimebadilishwa au kuondolewa ili mwenyewe asitambulike.

Mgonjwa na jicho lake

Ni mama wa miaka sitini na kitu, fundi wa nguo, kutoka kaunti inayopakana na Kisumu. Ana presha na anameza dawa kila siku. Jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza uono wa katikati kabla hajafika kwetu; kwenye makula, sehemu ya katikati ya retina inayotupa uono mkali, palikuwa na kovu jeupe, na kwa jicho hilo aliweza kuhesabu vidole tu. Kila alichofanya, kuanzia kusoma meseji hadi kuvuka barabara, kilitegemea jicho la kushoto. Msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililotawala kila uamuzi.

Tatizo la jicho la kushoto alilikuta mezani pake. Alikuwa akichora mstari wa pindo kwa chaki na rula, na mstari ukapinda katikati. Akadhani rula imepinda, akachukua nyingine. Mstari mpya nao ukapinda palepale. Alipofumba jicho la kushoto, mstari haukuonekana kabisa.

Kwanza aliambiwa abadilishe miwani, kisha akaambiwa ni mtoto wa jicho. Huku kwetu mtu mzima akisema haoni, mawazo ya kila mtu hukimbilia mtoto wa jicho, na mara nyingi huwa kweli. Lakini utafiti mkubwa wa Nakuru wa 2007 na 2008, uliohusu watu wa miaka 50 na zaidi, ulikuta dalili za mwanzo za ugonjwa wa makula wa uzeeni kwa asilimia 11.2 yao, na hatua za mwisho kwa asilimia 1.2. Wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa Ulaya wangesoma takwimu hizo za Bonde la Ufa kwanza. Mstari ulionyooka ukionekana umepinda, tatizo liko kwenye makula mpaka ithibitike vinginevyo.

Tulipompima alisoma 6/36, yaani kwa mita 6 aliona kile ambacho jicho zima huona kwa mita 36. Nyuma ya jicho palikuwa na damu kidogo, maji chini ya retina (utando unaopokea mwanga), na uvimbe mdogo wa rangi ya machungwa. Picha ya tabaka za retina, OCT, ilionyesha tabaka la seli za rangi, lililo chini tu ya retina, limeinuliwa kama kichuguu, na maji pembeni yake.

Sindano tatu na maji yaliyogoma kukauka

Alianza kwa sindano za bevasizumabu ndani ya jicho, zile ambazo wagonjwa wengi huziita Avastin. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, lakini hufunga protini ya VEGF inayochochea mishipa mibovu kuota na kuvuja, na utafiti wa Marekani uliotolewa 2011 ulionyesha kwamba kwa ugonjwa huu matokeo yake hulingana na ya ranibizumabu, dawa ya jamii hiyohiyo ambayo ni ghali mara nyingi zaidi. Alichomwa sindano moja kila mwezi kwa miezi mitatu. Uono ulipanda hadi 6/24. Damu iliondoka. Maji yalipungua, kisha yakabaki palepale.

Uvimbe wa rangi ya machungwa pamoja na maji yasiyokauka vilimfanya daktari wetu wa retina ashuku aina maalumu ya ugonjwa huu, ambamo mishipa ya koroidi, tabaka la mishipa ya damu lililo chini ya retina, huwa na matawi yenye vifundo kwenye ncha, yaani polipu. Aina hii inajulikana zaidi Asia, lakini huwapata Waafrika pia. Polipu huthibitishwa kwa picha ya mishipa inayotumia rangi ya indosayanini, na kamera hiyo kwetu haikuwepo.

Hapo familia ikakaa kikao kuhusu kumpeleka nje ya nchi kwa kipimo hicho na kwa tiba ya mwanga. Mpwa wa mgonjwa alikuwa akisoma India, kwa hiyo pa kufikia palikuwepo. Mchango ulifanywa na ndugu, majirani na kanisa. Ilibidi pia wasubiri, kwa sababu verteporfini, dawa inayoamshwa na mwanga katika tiba hiyo, ilikuwa adimu duniani kuanzia 2021.

Siku ya leza

Kule picha ya indosayanini ilionyesha polipu na mtandao wa mishipa unaozilisha. Uamuzi ulikuwa kuzipiga kwa tiba ya mwanga na kuongeza sindano. Uamuzi huo una msingi mzuri. Utafiti wa EVEREST II, uliofanywa kwa wagonjwa 322 wa Asia, ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 polipu zilifungika kabisa kwa asilimia 69.3 ya waliopata ranibizumabu pamoja na tiba ya mwanga, ikilinganishwa na asilimia 34.7 ya waliopata sindano peke yake, na waliopata vyote viwili waliongeza pia herufi nyingi zaidi kwenye chati.

Mtoto wake wa kiume alituletea picha ya ripoti kwenye simu. Ninashukuru kwamba aliipiga, kwa sababu kila kilichofuata tulikisoma humo. Dozi ya verteporfini hupimwa kwa eneo la mwili, miligramu 6 kwa kila mita moja ya mraba. Eneo la mwili wa mama lilikadiriwa kuwa mita 1.6 za mraba, kwa hiyo alipewa miligramu 9.6, zikiwa zimechanganywa na maji ya glukosi ya asilimia 5 kufikia mililita 30. Dawa iliingizwa mshipani kwa dakika 10. Ilipotimu dakika ya 15 tangu ianze kuingia, jicho lilimulikwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 689 kwa sekunde 83, nishati ya jumla ikiwa jouli 50 kwa kila sentimita ya mraba. Eneo la ugonjwa lilikuwa na upana wa milimita 3.2, duara la mwanga hufanywa kubwa zaidi kwa milimita 1, kwa hiyo lilikuwa la milimita 4.2.

Sindano haikuchomwa siku ile. Pesa zilikuwa zimekwisha, na familia iliomba ichomwe nyumbani ambako ni nafuu. Ripoti ikasema: sindano ndani ya siku saba. Sababu ya kuwahi haikuelezwa, wala haikuandikwa mgonjwa atarajie nini katika siku hizo saba.

Safari ya kurudi

Walisafiri usiku uliofuata. Waliambiwa waepuke jua kwa siku tano, na mama alivaa kofia na miwani ya giza tangu Nairobi. Walipotua Kisumu ilikuwa karibu saa sita mchana. Walipanda matatu, yeye akakaa dirishani ili apate hewa, mkono wa kushoto ukiwa kwenye fremu ya dirisha. Kwa sababu ya joto alikuwa amekunja mkono wa nguo hadi karibu na kiwiko.

Jioni ile mkono uliwaka moto. Tulipouona siku mbili baadaye, ngozi kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo na kuendelea ilikuwa imevimba, imekoza rangi na inauma ikiguswa, na palikuwa na mpaka mnyoofu kabisa mahali nguo ilipoishia. Juu ya mpaka huo ngozi ilikuwa salama. Mafuta ya kuzuia jua alikuwa amepakwa na mpwa wake, lakini hayo huzuia miale ya urujuanimno, na verteporfini huamshwa na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Hayakumsaidia.

Familia ilipoona mkono umeungua iliogopa, ikamfungia chumbani na kutundika leso mbili nzito dirishani. Alikaa gizani hadi alipoletwa kwetu. Walifanya hivyo kwa upendo, lakini maelekezo ya dawa hii yanasema kinyume: mgonjwa akae ndani kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, kwa sababu mwanga huo hafifu huimaliza nguvu polepole dawa iliyobaki kwenye ngozi. Kinachokatazwa ni jua na taa kali.

Asubuhi ya siku ya tatu aliamka akaona duara la kijivu katikati ya kila kitu. Duka la dawa la karibu lilimpa matone ya antibiotiki. Siku ya nne akawa hawezi kumtambua mjukuu wake aliyesimama mlangoni. Simu zilianza kupigwa India, na mmoja wa ndugu akaanza kuuliza nauli ya kumrudisha.

Siku ya nne kliniki

“Daktari,” aliniambia kabla sijamkaribisha kiti, “nilienda nikiona kidogo, nimerudi sioni kabisa. Wamenichoma jicho.”

Alisoma 6/60. Kutoka 6/24 hiyo ni kushuka kwa herufi kama 20 kwenye chati ya utafiti, na kushuka kwa kiasi hicho ndani ya siku saba ni tatizo linalojulikana la tiba hii: huwapata kati ya asilimia 1 na 5 ya wagonjwa. Kwa mtu mwenye jicho moja, asilimia hiyo ndogo ni uono wake wote.

Tulikuwa na mambo manne ya kutofautisha. La kwanza, damu mpya chini ya retina, ambayo polipu inaweza kuimwaga baada ya leza. La pili, kuchanika kwa tabaka la seli za rangi lililokuwa limeinuliwa. La tatu, koroidi yenyewe kukosa damu kupita kiasi ndani ya duara la mwanga. La nne, ongezeko la maji la siku za kwanza, ambalo hutokana na tiba na hupungua lenyewe.

Alikuwa bado ndani ya siku tano, kwa hiyo tulimwangalia kwa taa ya mezani ikiwa imepunguzwa na kwa muda mfupi, bila kutumia taa kali ya kichwani. OCT tuliitumia bila wasiwasi, kwa kuwa mwanga wake ni dhaifu na uko nje ya rangi inayoamsha dawa hii. Presha ya jicho ilikuwa 15. Hapakuwa na damu mpya. Kwenye OCT tabaka la seli za rangi lilikuwa limeinuka lakini halijakatika popote, wala hapakuwa na ukingo uliojikunja. Maji chini ya retina yalikuwa mengi waziwazi kuliko picha ya kabla ya safari, na yalijaa ndani ya eneo ambalo mwanga ulipiga.

Presha ya damu ilikuwa 182 kwa 98. Dawa zake zilikuwa ndani ya sanduku lililopakiwa chini ya ndege, na tangu arudi hakuna aliyekumbuka kulifungua.

Maamuzi na sababu zake

Tulimpigia daktari wa retina na kumtumia picha. Tulikubaliana kwamba haya ni maji ya mwitikio wa siku za kwanza, ingawa ukosefu wa damu kwenye koroidi usingeweza kufutwa kabisa bila kamera ya indosayanini. Hatukumrudisha India. Kule wasingekuwa na dawa tofauti ya kumpa, na safari ya siku mbili yenye presha ile ingekuwa hatari mpya.

Sindano ya bevasizumabu ilikuwa lazima, na mapema. Hata hivyo hatukuichoma siku ileile: tulimrudishia dawa zake za presha, tukamlaza karibu na kliniki kwa jamaa, na siku ya tano presha ilipokuwa 150 kwa 88 akachomwa. Vidonge vya steroidi tulivifikiria, kwa kuwa uvimbe wa siku hizi una sehemu ya mwasho wa tishu ndani yake. Daktari alivikataa kwa sababu ya presha, na kwa sababu maji ya aina hii kwa kawaida huanza kushuka bila steroidi. Naona alikuwa sahihi. Matone ya antibiotiki tuliyasimamisha. Mkono uliwekewa kitambaa cha maji baridi na kufunikwa.

Kisha tulikaa na familia, na mazungumzo hayo yalichukua muda kuliko sindano. Nilimwambia mwanawe kwamba mshipa mbovu ni kama bomba lililopasuka: ukifunga koki, sakafu haikauki saa hiyo hiyo. Mama alinisikiliza, akauliza swali ambalo ndilo hasa: “Na kama koki haijafungwa, nitajuaje?” Tulimpa karatasi ya miraba, aiangalie kila asubuhi kwa jicho la kushoto akiwa na miwani ya kusomea, na achore kwa kalamu mpaka wa duara la kijivu. Duara likikua baada ya siku ya kumi, au likija pazia jeusi au jekundu ghafla, apige simu siku hiyo hiyo. Leso za dirishani ziliondolewa.

Matokeo

Siku ya 12 alisoma 6/36, na michoro yake ya kila asubuhi ilionyesha duara likipungua kabla hata hatujawasha mashine. Wiki ya nne alikuwa amerudi 6/24, maji yakiwa kama ukanda mwembamba. Wiki ya 12 alisoma 6/18 na OCT ilikuwa kavu. Alikuwa amechomwa sindano mbili zaidi katika kipindi hicho.

Kitu kimoja hakikurudi kama kilivyokuwa. Nyuma ya jicho lake sasa linaonekana duara hafifu lenye madoa ya rangi, mahali palepale mwanga ulipotua, na mama anasema upande wa chini wa anachokitazama kuna kivuli chepesi. Anashona sare za shule. Mstari wa chaki umenyooka. Kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani hawezi tena, mjukuu humtungia.

Mwanga ulifanya nini ndani ya tishu

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu ukilijua hili siku ya nne haikutishi.

Leza ya zamani ya makula iliunguza. Joto lake lilifunga mshipa, na liliua retina iliyokuwa juu yake pia, hivyo mgonjwa alibaki na shimo katika uono wake. Verteporfini ilipoidhinishwa Marekani 2000 ilileta njia nyingine. Mwanga wake haupashi tishu joto la kuunguza. Dawa husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na chembe za mafuta za LDL, na seli zinazozaliana kwa haraka kwenye kuta za mishipa mipya zina vipokezi vingi vya LDL, kwa hiyo dawa hujikusanya huko zaidi. Mwanga mwekundu ukiifikia, dawa huipa oksijeni iliyo jirani nguvu kubwa, na oksijeni hiyo huharibu utando wa seli papo hapo. Huishi muda mfupi mno na haisafiri mbali, ndiyo maana madhara hubaki karibu na mahali dawa ilipokaa.

Seli za ukuta wa mshipa huvimba na kubanduka. Chini yake hufunuliwa tabaka ambalo chembe sahani za damu hunata nalo, damu huganda, na mshipa huziba. Ukipiga picha ya rangi wiki moja baadaye, uvujaji mara nyingi huwa umekoma.

Mambo matatu hutokea pamoja na hilo, na yote matatu yalikuwa kwenye jicho la mama yetu.

Kwanza ni maji. Seli za mshipa zikiharibika, kabla mshipa haujaziba vizuri na wakati tishu jirani zina mwasho, majimaji humwagika. Kwenye OCT maji huongezeka katika siku za mwanzo, kisha hupungua katika wiki moja hadi nne. Mgonjwa anayepimwa siku ya tatu au ya nne anapimwa kwenye kilele.

Pili, dawa haikai kwenye mishipa mibovu peke yake. Kapilari nzima za koroidi zilizo ndani ya duara huipata pia, na baadhi huziba. Kwenye picha ya indosayanini duara lote huonekana jeusi kwa wiki kadhaa. Sehemu kubwa hufunguka tena ndani ya miezi michache, lakini si lazima yote. Seli za rangi zinazolishwa na kapilari hizo hupata njaa, na baadhi hubadilika au hufa. Duara lenye madoa ninaloliona nyuma ya jicho la mama ni alama ya njaa hiyo. Duara lilipaswa kuwa pana kuliko ugonjwa ili lisikose ukingo, na upana huo una gharama yake.

Tatu, tishu iliyonyimwa damu huita mishipa mipya. Mwaka 2003 daktari wa macho Ursula Schmidt-Erfurth na wenzake walichapisha uchunguzi wa macho ya binadamu yaliyokuwa yaondolewe kwa sababu ya saratani. Yalipigwa tiba hii kwanza, kisha yakachunguzwa. Walikuta VEGF imeongezeka kwenye koroidi iliyotibiwa. Yaani tiba inayofunga mishipa huacha nyuma kichocheo cha mishipa. Ndiyo maana enzi za tiba hii peke yake, wagonjwa walipimwa kila miezi mitatu na wengi wao kurudiwa, kwa kuwa uvujaji ulirejea. Katika utafiti wa tiba hii ulioitwa TAP, uliohusisha wagonjwa 609, baada ya mwaka asilimia 61 ya waliotibiwa walikuwa wamepoteza herufi chini ya 15, dhidi ya asilimia 46 ya waliopewa dawa bandia. Tiba ilipunguza hasara. Wachache tu walipata nafuu ya kuona. Sindano za kuzuia VEGF ndizo zilizobadilisha hali kuanzia 2006.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichokwama zaidi ni kutenganisha leza na sindano. Kwenye utafiti wa EVEREST II vilitolewa siku moja, na ukishajua habari ya VEGF sababu inaonekana: sindano hukuta kichocheo kikianza kupanda. Kwa mama yetu pengo lilikuwa siku tano. Familia ilitaka kuokoa pesa ya sindano moja, na haingeweza kujua kwamba sindano hiyo ilikuwa nusu ya tiba. Mtu alipaswa kuwaambia kabla mchango haujafungwa, ili bajeti iipange sindano mahali pamoja na leza na siku tano za kukaa kule kule kabla ya kupanda ndege. Sasa familia inayopanga safari kama hii hatuiachi iondoke bila kuzihesabu siku hizo na nguo za mikono mirefu, glavu zikiwemo.

Je, sindano ndiyo iliyomrudishia uono, au maji yangekauka yenyewe? Kwa mgonjwa mmoja hilo haliwezi kutenganishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba hatukuwa na sababu ya kusubiri, na tungekuwa na kila sababu ya kujuta.

Kilichofaa zaidi ya vyote ni picha ya ripoti kwenye simu. Bila siku, jicho, nishati na upana wa duara, tusingeweza kusema maji yako mahali mwanga ulipogusa. OCT ya kabla ya safari nayo ilikuwa muhimu vilevile; bila ya kulinganisha, maji ya siku ya nne yangeonekana kama ugonjwa ulioshindikana. Na kuchelewesha sindano kwa usiku mmoja kwa ajili ya presha ya damu ninaona kulikuwa uamuzi mzuri, ingawa familia haikuupenda.

Ombi la leza ya pili

Mwezi wa sita baada ya leza OCT ilionyesha maji kidogo tena, uono ukiwa bado 6/18. Hili halikutushangaza: polipu zinaweza kufungika huku mtandao unaozilisha ukibaki hai. Mwanawe, ambaye sasa alikuwa na imani na tiba ile, alisema familia iko tayari kuchanga tena mama akapigwe leza ya pili.

Tulimshauri asubiri. Kila leza hufunga upya kapilari za koroidi palepale zilipofungwa mwanzo, na seli za rangi za duara lile tayari zimeonyesha kwamba akiba yao si kubwa. Ile hatari ya kushuka ghafla bado ipo, na jicho bado ni moja. Ipo njia ya kutumia nusu ya nishati, jouli 25, ambayo hutumika zaidi kwa ugonjwa mwingine wa maji chini ya retina, na ikiwa polipu zitathibitishwa kwa indosayanini kuwa zimefunguka tutaizungumzia na waliomtibu. Kwa sasa sindano zinatosha. Ya mwezi wa sita ilichomwa kesho yake asubuhi, presha ikiwa 138 kwa 84, na tarehe ya kurudi ni baada ya wiki sita.